Kisu Kile Kile, Sura Mpya: Kwa Nini Mashabiki Walinuna?

Ukimwona mtu mzima, ana kazi yake nzuri na heshima zake mjini, amenuna siku nzima kwa sababu ya kisu cha mfukoni, usicheke. Wapo, tena wengi kuliko unavyodhani. Kuna watu wanakusanya saa, kuna wanaozimika na viatu, na kuna hawa wa visu vya kukunja. Kama mwenzi wako ni mmoja wao, basi unajua mwenyewe: mwambie "si kisu tu hicho" halafu uone moto wake.

Mwaka 2008 watu hawa walipata la kusema kwelikweli. Jeshi la Uswisi lilibadilisha kisu cha askari wake, kile ambacho kilikuwa hakijaguswa sana tangu 1961. Mashabiki wakagawanyika mafungu mawili, na mpaka leo ukiwakutanisha, ubishi unaanza upya. Nimefuatilia kisa hiki kwa muda, na kila nikikitazama naona hao walionuna walikuwa na hoja, japo si ile waliyokuwa wanaipigia kelele zaidi.

Kwanza tuelewane ni kisu gani

Ukitajiwa kisu cha jeshi la Uswisi, picha inayokujia ni kile chekundu, chenye msalaba mweupe, mkasi, kizibuo cha mvinyo, kibano na kijiti cha meno. Kile ambacho MacGyver, yule jamaa wa tamthilia ya Kimarekani ya 1985 hadi 1992, alikuwa anajitolea nacho kwenye kila balaa. Sasa shika hili: hicho chekundu jeshi halikukigawa kwa askari. Kiliitwa kisu cha maofisa, na ofisa aliyekitaka alikwenda dukani akakilipia mwenyewe. Cha askari ni kingine kabisa, na hakijawahi kuwa na kizibuo cha mvinyo. (Samahani kwa walioharibiwa ndoto zao.)

Cha askari kilianza na bunduki. Jeshi lilipopata bunduki mpya ya mwaka 1889, ikaonekana huwezi kuifungua bila bisibisi. Na askari anahitaji kufungua makopo ya chakula, na kukata mkate. Wakasema, basi vyote viwe kwenye kitu kimoja. Visu vya kwanza vilitengenezwa Solingen, Ujerumani, kwa sababu Uswisi haikuwa na kiwanda cha kuweza oda kubwa namna ile. Hilo lilimkera fundi mmoja, Karl Elsener, aliyekuwa amefungua karakana yake pale Ibach, jimbo la Schwyz, mwaka 1884. Akawakusanya mafundi wenzake, na mwaka 1891 wakaanza kulipelekea jeshi visu vya nyumbani.

Kisu chenyewe kilikuwa na mpini wa mbao nyeusi na uzito wa gramu 144. Kumbuka namba hiyo, tutairudia. Elsener mwenyewe alikiona kizito, ndipo akabuni kile chepesi cha maofisa, akakisajili Juni 12, 1897. Mama yake, Victoria, alipofariki mwaka 1909, akalichukua jina lake likawa la kampuni. Mwaka 1921 wakaanza kutumia chuma kisichoshika kutu, ambacho kwa Kifaransa kinafupishwa "inox", na majina mawili yakaungana: Victorinox. Yaani kila anayetembea na kisu hicho anatembea na jina la mama wa mtu.

Cha baba na cha mtoto

Sasa tuje kwenye kile cha 1961, kwa sababu bila kukifahamu hutaelewa hasira. Mpini wake ni wa alumini yenye vijichuruzi vinavyozuia kuteleza, rangi ya fedha, na kajisalaba kadogo ubavuni. Urefu milimita 93 kikiwa kimekunjwa. Uzito gramu 72 hivi. Ndani kuna vitu vinne tu: bapa la kukatia, sindano nene ya kutobolea, kifungua kopo na kifungua chupa, na hivi viwili vya mwisho vina ncha za bisibisi. Basi. Hamna mkasi wala mbwembwe yoyote.

Uswisi, wanaume hupitia jeshi kwa lazima, na mtu akimaliza anabaki na kisu chake. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 40 vijana walipewa kisu kile kile alichopewa baba. Kipo kwenye droo ya jikoni, kipo kwenye boksi la vifaa vya baiskeli, kinakata jibini ya mchana. Wasiokuwa askari nao wakakipenda kwa sababu kinaingia mfuko wa suruali ya ofisini bila kutuna. Ndugu yake wa kiraia anaitwa Pioneer, umbo lile lile na mpini ule ule wa alumini.

Jeshi lilipotangaza kwamba linataka kipya, zogo la kwanza halikuhusu hata sura. Uswisi ilikuwa imesaini mikataba ya biashara ya kimataifa, hivyo zabuni ikabidi iwe wazi kwa nchi zote. Mwaka 2007 ukaenea wasiwasi kwamba kisu cha jeshi la Uswisi kinaweza kwenda kutengenezwa Uchina! Hebu fikiria. Watu wakaanza kukusanya sahihi. Mwishowe Victorinox wakashinda, wakapewa oda ya visu 75,000, na nchi ikashusha pumzi.

Halafu watu wakakiona chenyewe.

Mbona kimenenepa?

Kimekuwa milimita 111, uzito gramu 131. Mpini ni wa plastiki ya kijani na vipande vya mpira mweusi ili kisiteleze mkononi. Bapa lina tundu la umbo la yai. Unalisukuma kwa dole gumba na kisu kinafunguka kwa mkono mmoja, hata ukiwa umevaa glavu. Kikifunguka, komeo la ndani linakibana kisijikunje kikakukata vidole. Wameongeza msumeno wa mbao na bisibisi ya nyota. Makali ya bapa, sehemu kubwa, ni ya meno meno kama ya kisu cha mkate.

Wanaokisifia walikuwa na sababu. Askari amening'inia kwenye kamba, mkono mmoja umeshika, anahitaji kukata: kisu cha zamani kilitaka mikono miwili na kucha imara. Skrubu za nyota zimejaa kila mahali siku hizi, kile cha 1961 kilikuwa hakina bisibisi yake maalumu. Na komeo limeokoa vidole vya wengi. Kwa mtu wa kambini na porini, mambo yote yalikuwa bomba.

Walionuna walianzia kwenye unene. Kisu kilichokuwa kinasahaulika mfukoni sasa kinajulisha kila mtu kwamba upo nacho. Wakasema kimepoteza urembo, kimekuwa kama kifaa cha gereji. Wakasema huu si mwendo wa mzee Elsener. Hapo ndipo mimi nawacheka kidogo, maana kisu cha kwanza kabisa, kile cha mbao, kilikuwa gramu 144! Kipya ni chepesi kuliko babu yake. Kilichobadilika sana ni mazoea ya watu waliozaliwa na kukuta kile chembamba.

Lakini kwenye makali ya meno nawaunga mkono. Makali ya meno yanakata kamba na mikanda vizuri sana, usipime. Jaribu sasa kukatia nyanya vipande vyembamba, au kuchonga kijiti, au kumenya embe bila kulichana. Na yakishakuwa butu, kinoo cha kawaida cha jikoni hakikusaidii. Unahitaji kifaa cha mviringo cha kupitisha jino moja moja. Mtu aliyezoea kunoa kisu chake jioni huku anasikiliza redio amenyang'anywa starehe yake. Hilo ni lalamiko la mtumiaji, wala si la mtu anayeililia jana.

Basi wengine wakafanya kile ambacho mashabiki wa kitu chochote hufanya: wakaanza kutafuta vile vya zamani na kuviweka akiba.

Komeo linalokulinda, komeo linalokuponza

Kuna jambo moja ambalo makelele ya urembo yalilifunika, na ndilo lililokuja kuwa zito. Mwaka ule ule wa 2008, Ujerumani, jirani wa mlango wa pili, ilipitisha sheria inayozuia kutembea hadharani na kisu kinachofunguka kwa mkono mmoja na kujifunga kwa komeo, isipokuwa una sababu ya kueleweka. Angalia sasa: mambo mawili yale yale ambayo jeshi la Uswisi liliyaomba, ndiyo yaliyokifanya kisu kuwa cha kuulizwa maswali upande wa pili wa mpaka. Kile cha 1961, kinachotaka mikono miwili, hakikuguswa na kifungu hicho.

Uingereza nako, na hili linawahusu wenye ndugu, masomo au safari za kikazi huko, sheria inaruhusu kutembea na kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, mradi kisiwe na komeo. Kikiwa na komeo, hata kiwe kidogo kama ufunguo, unatakiwa uwe na sababu nzuri ya kuwa nacho. Ukikosa, adhabu inaweza kufika miaka minne jela. Komeo lililowekwa kulinda vidole vyako ndilo linalomfanya polisi akutazame kwa jicho lingine. Kwa hiyo shabiki aliyesema "nirudishieni cha zamani" alikuwa anatetea kisu ambacho mtu wa kawaida anaweza kutoka nacho nyumbani bila wasiwasi, hata kama yeye mwenyewe alidhani anatetea rangi ya alumini.

Sheria zenyewe hazikutoka hewani. Agosti 2024 mtu mwenye kisu aliwashambulia watu kwenye tamasha mjini Solingen, akaua watatu. Solingen ile ile ya visu vya kwanza. Oktoba mwaka huo Ujerumani ikakaza zaidi, ikipiga marufuku visu kwenye matamasha na mikusanyiko ya namna hiyo. Ukiwa umempoteza mtu pale, habari za mtu anayelilia kisu chake cha kumenyea tofaa hazikugusi hata kidogo, na mimi siwezi kukulaumu.

Kisu bila kisu

Victorinox wanaujua upepo huu tangu zamani. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, visu vilipigwa marufuku ndani ya ndege na mauzo yakaporomoka, kwani maduka ya viwanja vya ndege yalikuwa soko lao kubwa. Hawakufukuza wafanyakazi, wengine waliazimishwa kwa kampuni nyingine mpaka hali ilipotulia. Mwaka 2013 Marekani ilitangaza itaruhusu tena visu vidogo kwenye ndege, wahudumu wa ndege wakapinga, mpango ukafutwa kabla haujaanza.

Mei 2024, mkuu wa kampuni, Carl Elsener, kitukuu wa yule mwanzilishi, akaeleza kwamba wanatayarisha vifaa vya mfukoni visivyo na bapa kabisa, kwa mfano vya waendesha baiskeli, kwa sababu baadhi ya nchi zinakitazama kisu kama silaha. Ilikuwa kama petroli kwenye moto. Wale wa 2008 waliokuwa wanagombania meno na unene, safari hii walikuwa upande mmoja: kisu bila kisu ni kitu gani? Kampuni ikabidi ifafanue kwamba visu vyenye bapa vinaendelea, hivyo vingine ni nyongeza. Mbona visivyo na bapa walikuwa wanavyo siku nyingi, kama kile kidogo cha wasafiri kiitwacho Jetsetter, na hakuna aliyeandamana? Nadhani ni kwa sababu Jetsetter kilikuja kama kijitu cha pembeni, na safari hii aliyesema ni mwenye jina la ukoo.

Unataka kumzawadia?

Kama mpenzi wako ni wa kundi hili na siku yake ya kuzaliwa inakaribia, muulize kwanza kisu atakitumia wapi. Wa kambi, milima na safari za Land Rover atakifurahia hiki cha 2008. Wa ofisini, anayekitaka kwa ajili ya maboksi na matunda, mpe Pioneer, hatakaa akulalamikie. Akiwa anasafiri kwa ndege, kiingie kwenye sanduku linalokwenda chini, la sivyo kitaishia kwenye ndoo ya wakaguzi pale mlangoni na mtasafiri hamuongei.

Na Wazungu wengi wana imani moja: ukimpa umpendaye kisu bure, kinakata mapenzi. Dawa yake ni anayepokea kutoa sarafu, ili ihesabike amekinunua. Ukimkabidhi, nyoosha na mkono mwingine, udai shilingi yako.