Harufu ya Majitaka Inavyoishia Kwenye Makumbi

Harufu ya mayai viza inayotoka kwenye mitambo ya majitaka ni ya gesi ya haidrojeni salfaidi. Pua ya mtu huinasa hata ikiwa chini ya sehemu moja katika milioni ya hewa, na hapo ni kero tu. Ikifika sehemu 100 hivi, pua hufa ganzi isisikie kitu. Ndiyo maana wapo wanaoshuka kuzibua mashimo wakidhani hewa imeshasafika, wasipande tena.

Hewa hiyo inaweza kuoshwa kwa kemikali, ila kemikali huisha na kununuliwa upya. Mitambo mingi ya Ulaya na Marekani basi hutumia mabaki ya mimea: magome, vipande vya mbao, mboji, au nyuzi za makumbi ya nazi. Majitaka hufunikwa ili hewa chafu isitoroke, hewa hiyo ikavutwa na feni, kisha ikapulizwa taratibu chini ya tabaka la mabaki hayo lenye kina cha mita moja hivi. Mara nyingi haikai humo hata dakika moja. Inapotokea juu, hunukia udongo uliopata mvua.

Sifa hiyo si ya makumbi peke yake. Wenye kazi ni bakteria wanaoishi kwenye utando wa maji uliozizunguka nyuzi. Salfaidi kwao ni riziki: huiunganisha na oksijeni wakapata nguvu, na kinachobaki ni asidi ya salfuriki. Amonia nayo ina walaji wake, wanaoigeuza kuwa naitreti.

Richard Pomeroy, mtaalamu wa majitaka wa California, alipata hataza ya njia hii mwaka 1957. Yeye alitumia udongo. Baadaye Wajerumani na Waholanzi waliipeleka hadi kwenye mabanda ya nguruwe.

Tatizo ni unyevu. Unatakiwa uwe asilimia 40 hadi 60. Tabaka likikauka, bakteria hulala; likilowa mno, hewa haipiti na lenyewe huanza kunuka, jambo la aibu kwa mtambo wa kuondoa harufu. Asidi nayo hujikusanya, na baada ya miaka michache mabaki huoza na kushikamana, yakahitaji kubadilishwa. Hapo makumbi hushinda mboji, kwa kuwa yana lignini nyingi (kile kinachokaza mbao) na huoza polepole.

Pwani ya Afrika Mashariki haina uhaba wa makumbi. Hata hivyo, mabwawa ya wazi ya majitaka hayafai kwa njia hii, kwa kuwa hewa yake haikusanyiki. Inafaa zaidi kwenye vituo vya pampu na pale magari ya kunyonya majitaka yanapomwaga mzigo, mradi pafunikwe.