Cheza Gemu, Isikuchezee

Bila shaka umewahi kumsikia mwenzako darasani akipiga miayo na kusema, "Jana nimekesha Teyvat." Teyvat si mji wa Ulaya wala si ukumbi wa disko. Ni dunia ya kubuni iliyomo ndani ya gemu inayoitwa Genshin Impact. Gemu hii ilitolewa Septemba 28, 2020 na kampuni ya miHoYo ya Shanghai, China. Inachezwa kwenye simu, kompyuta na PlayStation, na kuipakua ni bure kabisa.

Bure kabisa? Hapo ndipo pa kuangalia kwa macho mawili. Wazazi wengine wakisikia neno "gemu" wanataka kupiga marufuku moja kwa moja. Vijana wengine nao wanaingia kichwa kichwa. Sisi tunasema hivi: gemu ni burudani, na burudani si dhambi. Lakini kabla hujaingia, jua inavyochezwa, na jua pia inavyokuvuta. Tuanze na la kwanza.

WEWE NI NANI HUMO NDANI?

Genshin Impact ni gemu ya kuigiza mhusika na kupigana. Maana yake unachukua nafasi ya mtu fulani, unamkuza taratibu, na vita unavipigana mwenyewe kwa vidole vyako. Hakuna kungoja zamu kama kwenye drafti.

Wewe ni Msafiri. Mwanzoni unaonyeshwa ndugu wawili mapacha, Aether na Lumine, na unachagua mmoja. Pacha mwingine anachukuliwa na nguvu asizozijua mtu, na safari yako yote ni kumtafuta. Unaongozana na kiumbe mdogo anayeelea hewani, jina lake Paimon. Anaongea sana na anapenda kula. Mji wenu wa kwanza ni Mondstadt, mji wa upepo.

Dunia hii iko wazi. Ukiona mlima kule mbali, unaweza kwenda kuupanda. Ila angalia kipimo cha pumzi kinachotokea pembeni yako unapokimbia, unapopanda au unapoogelea. Kikiisha ukiwa kwenye mwamba, unaanguka. Kikiisha ukiwa katikati ya ziwa, unazama. Wageni wengi hufa kwa maji kabla hata hawajapigana na adui.

NGUVU SABA

Hiki ndicho kiini cha gemu yenyewe, kwa hiyo shika vizuri. Kuna nguvu saba za asili: upepo, mawe, umeme, mimea, maji, moto na barafu. Karibu kila mhusika ana moja. Unaunda kikosi cha watu wanne, na vita ikiendelea unabadilisha kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kwa kugusa tu.

Kwa nini wanne? Kwa sababu nguvu mbili zikikutana juu ya adui mmoja, kuna jambo linatokea:

- Maji na barafu: adui anaganda, hawezi kusogea.
- Moto na umeme: mlipuko unaomrusha mbali.
- Moto na barafu, au moto na maji: pigo linakuwa zito zaidi.
- Moto na mimea: adui na majani vinawaka.
- Upepo: unachukua moto, maji, umeme au barafu iliyopo na kuisambaza kwa maadui wa jirani.

Kwa hiyo mshindi si yule anayebonyeza haraka kuliko wote. Ni yule anayetazama kwanza. Umekutana na adui mwenye ngao ya mbao? Usihangaike kuipiga kwa upanga, ichome moto. Umekutana na kile kiumbe cha utelezi kinachowaka moto? Kukipiga kwa moto ni kazi bure, moto haukidhuru. Kimwagie maji.

Habari njema ni kwamba watu watatu wa mwanzo unapewa bila malipo: Amber mwenye upinde wa moto, Kaeya mwenye upanga wa barafu, na Lisa mwenye umeme. Ukiwaongeza kwa Msafiri wako, tayari una kikosi kamili. Dokezo moja la bure: Kaeya anaweza kugandisha uso wa maji, mkavuka bila kuogelea.

SAA YAKO YA KWANZA

Upande wa kushoto wa skrini ya simu, kidole gumba kinamwendesha mhusika. Upande wa kulia kuna vitufe vya kupigana. Kimoja ni pigo la kawaida. Kingine ni ujuzi wa nguvu yake. Ukiutumia unasubiri kidogo ndipo urudi. Cha tatu ni pigo kubwa, na hilo halitoki mpaka ujaze nishati kwa kupigana. Kuna pia kitufe cha kuruka pembeni haraka. Jifunze hicho mapema kuliko vyote. Adui anapoinua rungu, wewe toka.

Mambo mengine matano ya kuzingatia:

1. Fuata hadithi kuu kwanza. Mapema tu Amber atakupa mabawa ya kuelea kutoka juu, na bila hayo milima itakutesa.
2. Kila ukiona sanamu kubwa inayong'aa, iguse. Inafungua ramani ya eneo hilo na inaponya kikosi. Sanamu hizo na nguzo ndogo za safari zinakuwezesha kurudi hapo baadaye kwa kugusa ramani.
3. Pika. Okota matunda, uyoga, nyama na mayai, kisha tafuta jiko. Chakula kinarudisha uhai, na yai la kukaanga linamfufua aliyeanguka. Ila wahusika nao wanashiba, hawawezi kula mfululizo.
4. Usigawe vitabu vya kukuzia kwa kila mtu. Chagua wanne, wakuze hao pamoja na silaha zao. Ukimpa kila mtu kidogo, utabaki na kikosi cha wadhaifu.
5. Usiogope kufa. Kikosi kizima kikianguka, unarudishwa jirani na pale, na ulichookota kinabaki chako. Rudi, tazama tena, badilisha mbinu.

Ukifika daraja la 16 la safari, unaruhusiwa kucheza na watu wengine kupitia intaneti. Hapo kuwa mwangalifu. Usimpe mtu usiyemjua jina lako kamili, shule, namba ya simu, picha wala neno la siri la akaunti. Mtu anayejiita msichana wa miaka 15 anaweza kuwa baba mzima wa miaka 40. Akianza kukuahidi zawadi au kutaka muongee pembeni, mfungie na umwambie mtu mzima unayemwamini.

SASA, HELA INATOKA WAPI?

Kampuni inayotoa gemu bure inakula nini? Inakula kwenye bahati nasibu.

Wahusika wengi wazuri hawauzwi moja kwa moja. Unatumia vito vinavyoitwa Primogem "kuomba", yaani kuvuta bahati. Ombi moja ni vito 160. Nyota zinaanguka angani, rangi zinabadilika, moyo unadunda. Unangoja kuona umepata nani.

Hebu tupige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Nafasi ya kupata mhusika wa nyota 5 kwa ombi moja ni asilimia 0.6. Ukiomba mara 10, uwezekano wa kumkosa ni kama asilimia 94. Gemu inakuhakikishia nyota 5 ukifika ombi la 90. Lakini hata hapo, kwa karibu nusu ya nafasi, anaweza kuja mwingine ambaye hukumtaka. Ikitokea hivyo, nyota 5 inayofuata ndiyo itakuwa yule uliyemtaka. Kwa hiyo katika hali mbaya kabisa unahitaji maombi 180, yaani vito 28,800.

Vito vinapatikana pia kwa kucheza. Kazi nne za kila siku zinakupa vito 60, na vingine viko kwenye masanduku, hadithi na matukio maalumu. Lakini kwa zile kazi za kila siku peke yake, maombi 90 ni siku 240. Miezi minane! Mtu asiye na subira ndiye anayetoa hela.

Na hela yenyewe haionekani vizuri. Shilingi inanunua fuwele, fuwele inageuzwa vito, vito vinageuzwa maombi. Mpaka unafika kwenye nyota zile umeshasahau ni shilingi ngapi za baba zimeondoka. Njia rahisi ya kujilinda: kabla hujabonyeza, rudisha hesabu kwenye shilingi, halafu jiulize hela hiyo ingenunua madaftari mangapi.

Haya si maneno ya wazee wasiopenda gemu. Januari 2025 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilidai kwamba watoto walipotoshwa kuhusu nafasi halisi na gharama halisi za maombi haya. Kampuni inayouza gemu hii huko haikukubaliana na madai mengi, lakini ilikubali kulipa dola milioni 20 na kutowauzia bahati hizo walio chini ya miaka 16 bila idhini ya wazazi. Hapa kwetu, Tanzania na Kenya, kubeti ni kwa wenye miaka 18 na zaidi. Maombi hayaitwi kubeti, lakini ule msisimko wa "safari hii nitapata" ni uleule.

SAA NAZO ZINALIWA

Kuna kitu kingine kinaitwa Resin. Ni kama kuponi za kuchukulia zawadi fulani. Inarudi moja kila dakika 8, na ikifika 200 inasimama. Ikiwa tupu, inachukua saa 26 na dakika 40 kujaa. Ukichelewa kuingia unahisi unapoteza. Kazi za kila siku nazo ni hivyo hivyo. Hakuna anayekulazimisha, lakini gemu imepangwa ili kila siku ujione una deni.

Kumbuka, huna deni. Gemu haikudai chochote. Mwili wako ndio unaokudai.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kwa usiku. Ukilala saa nane usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi, umepata saa 4 tu. Kesho yake darasani mwalimu anaongea, wewe unasikia kama redio iliyopoteza stesheni. Usingizi ndio unaosaidia ubongo kuhifadhi ulichosoma mchana.

Je, wajua? Huko huko China gemu hii ilikotengenezwa, tangu Septemba 2021 serikali imeruhusu walio chini ya miaka 18 kucheza gemu za intaneti saa moja tu, saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Kwetu hakuna sheria ya namna hiyo. Kwa hiyo sheria inabidi ujitungie:

- Panga muda kabla ya kuanza, na weka kengele ya simu. Ikilia, maliza pambano ulilo nalo na utoke.
- Kazi za shule na za nyumbani kwanza. Gemu ni baada ya hapo.
- Simu isilale nawe kitandani.
- Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20. Macho nayo yanachoka.
- Kama una kifafa, muulize daktari kwanza. Mwanga unaometameta huweza kuwaletea baadhi ya watu degedege.
- Gemu inataka intaneti muda wote na inakula makumi ya gigabaiti za nafasi. Usiipakue kwa bando la mtu bila kumwambia.

JIPIME MWENYEWE

Tangu Januari 1, 2022, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani ina tatizo la uchezaji gemu uliopindukia. Usiogope, wachezaji wengi hawana tatizo hili. Jiulize kwa ukweli:

1. Je, nikisema nacheza nusu saa, nashindwa kuacha hata nikitaka?
2. Je, gemu imechukua nafasi ya masomo, marafiki, mpira, kwaya au chakula?
3. Je, naendelea tu ingawa naona naumia, kama vile kufeli, kugombana nyumbani au kuchukua hela kwa siri?

Mtaalamu hutazama mambo haya yote matatu kwa pamoja, na kwa kawaida huangalia kama yamedumu kwa miezi 12. Lakini wewe usingoje mwaka uishe. Ukijibu "ndiyo" hata kwa moja, zungumza na mtu: mzazi, dada au kaka mkubwa, mwalimu wa ushauri nasaha, au muuguzi wa kituo cha afya. Kama ni rafiki yako ndiye aliyenasa, usimcheke. Mwite uwanjani.

Kama majibu yako yote ni "hapana", basi poa. Panda milima ya Mondstadt, kaanga mayai, unguza ngao za mbao. Amber, Kaeya na Lisa watakufikisha mbali bila senti tano. Na kengele ikilia, zima simu ukalale. Paimon atakusubiri.