Neoni ya Hong Kong Yahitaji Wateja

Agosti 2015, ng'ombe wa neoni aliteremshwa kutoka ukuta wa mgahawa wa Sammy's Kitchen, mtaa wa Sai Ying Pun, Hong Kong. Alikuwa amening'inia juu ya barabara tangu miaka ya 1970, na Idara ya Majengo iliamuru aondolewe kwa kuwa hakuwa na kibali. Sasa yumo katika hazina ya makumbusho ya M+, pamoja na jogoo wa neoni wa klabu ya mahjong ya Kai Kee.

Ni jambo jema. Lakini makumbusho hupokea mabango ya zamani tu, ilhali karakana huishi kwa oda mpya.

Kazi yenyewe ni ya mikono tangu mwanzo. Fundi hulainisha mrija wa kioo kwenye moto na kuupinda kufuata mchoro, huku akipuliza kupitia kimpira chembamba ili mrija usibonyee. Hewa hufyonzwa, gesi huingizwa, kisha umeme wa volti nyingi hupitishwa. Neoni huwaka nyekundu kama kaa la moto. Agoni yenye zebaki hutoa buluu. Rangi nyingine hutokana na unga maalumu uliopakwa ndani ya mrija. Kabla ya fundi huyo yuko bingwa wa mwandiko anayechora herufi za Kichina, na baada yake wako wahunzi wa fremu na wajenzi wa jukwaa la mianzi. Bango moja lililisha wote hao.

Taa za LED zimeukata mnyororo huo. Ni nyepesi, hazili umeme mwingi, wala hazihitaji mpinda kioo. Mafundi waliobaki ni wachache.

Jijini Warsaw, Poland, njia ilikuwa nyingine. Mwaka 2006 msanii Paulina Ołowska alifanikisha ukarabati wa bango la mwanamke anayecheza voliboli, la miaka ya 1960, nalo likawaka tena pale pale Plac Konstytucji. Ukarabati wa namna hiyo huwapa mafundi kazi na mtaa nuru yake.

Hong Kong ina mpango, ulioanza 2013, unaoruhusu baadhi ya mabango madogo yasiyo na kibali kubaki, mradi yakaguliwe kila baada ya miaka 5. Gharama ni ya mwenye duka. Serikali ikichangia ukaguzi na matengenezo ya mabango yenye historia, mwenye duka atakuwa na sababu ya kumwita fundi wa kioo badala ya mbomoaji.