Utaji katika matangazo ya zamani: nani aliupa maana?

SIFA zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake.

Ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tutazame jambo linaloonekana dogo: sura ya mwanamke mwenye utaji katika matangazo ya zamani.

Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Marekani, kampuni ya Liggett & Myers iliuza sigara iliyoitwa Fatima. Pakiti yake ilipambwa kwa picha ya mwanamke aliyejifunika utaji. Jina la binti wa Mtume (SAW), aliyesifika kwa haya na ibada, likauzia tumbaku! Kwa wafanyabiashara wale utaji haukuwa stara, bali pazia la siri za Mashariki, lililochorwa ili mtazamaji atamani kulifunua.

Mwaka 1958, nchini Algeria, maana iligeuzwa. Jeshi la Ufaransa, likipambana na wapigania uhuru, lilibandika mabango yaliyowauliza wanawake kama wao si warembo, na kuwataka wavue utaji. Safari hii kilichonadiwa ni ukoloni uliojivika joho la ukombozi. Wako wanawake waliozidi kuushikilia utaji wao, na wako walioficha silaha chini yake. Nchi ikapata uhuru mwaka 1962.

Mwaka 2015 kampuni ya nguo ya H&M ilimwonyesha Mariah Idrissi, Mwislamu wa London, akiwa na hijabu katika tangazo lake. Mwaka 2017 Nike ikatangaza hijabu ya wanamichezo. Wengi tulifurahi, na si kosa, kwani binti zetu walijiona hatimaye. Hata hivyo tusisahau kwamba soko linalosifu leo ndilo lililodhihaki jana, na mizani yake ni faida.

Utaji umekuwa chambo, ukaitwa minyororo, kisha ukawa mtindo. Mara zote hizo aliyeamua maana yake alikuwa na kitu cha kuuza.

Basi wazazi, tusiwaachie wenye maduka kazi ya kuwafundisha mabinti zetu kwa nini wanajisitiri. Tukae nao, tuwasomee Suratun Nur, tuwasikilize maswali yao na kuwajibu kwa upole. Anayejua anajisitiri kwa ajili ya nani hayumbishwi na bango, liwe la matusi au la sifa.

Wabillahi tawfiq.