Mama wa Nyumbani Pia Aulizwe

Mama mmoja wa kikundi tunachotembelea alienda zahanati akiwa na maumivu chini ya tumbo. Mume wake hufanya kazi mjini na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Muuguzi alimpa dawa, akamwambia anywe maji mengi, akaita anayefuata. Hakumuuliza juu ya mume, wala kama angependa kupimwa virusi vya Ukimwi. Siku hiyo hiyo aliingia msichana aliyevaa suruali ya kubana. Huyo aliulizwa mbele ya foleni yote: "Wewe, umekuja kupimwa, sivyo?"

Wote wawili walikosewa. Mama alionekana mtu wa heshima, basi akapitwa. Msichana alihukumiwa kwa nguo, na hakurudi tena.

Tusiwalaumu wauguzi peke yao. Hata sisi tulipoanza kazi hii tulidhani Ukimwi ni wa watu wa baa na madereva wa malori. Tangu ugonjwa huu utambuliwe Kenya mwaka wa 1984, mawazo hayo hayajaisha. Lakini mtu huambukizwa ndani ya ndoa yake, na mwenzake anaonekana mzima kabisa, analima na kula vizuri. Ndiyo sababu kila mtu aulizwe, tena kwa maneno yale yale.

Kuulizwa kuna faida gani? Siku hizi kuna kinga ambazo zamani hazikuwepo. Tangu 2017 Kenya inatoa dawa iitwayo Prep, kidonge kimoja kwa siku, kwa mtu asiye na virusi lakini aliye katika hatari. Anapimwa kwanza, na kupimwa tena mara kwa mara. Dawa hii haizuii mimba wala kisonono. Na mwenye virusi akimeza dawa zake kila siku mpaka virusi visionekane tena kwa kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Jambo hili wengi bado hawaliamini, hata tukirudia mara tatu.

Nyingine ni Pep, ya mtu aliyekwisha kupatwa na hatari, kama kubakwa au kudungwa na sindano iliyotumika. Lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita, na mapema ni bora zaidi, kisha imezwe siku 28. Hapa ndipo tunaumia. Msichana akibakwa Ijumaa jioni, wazee hukaa wakijadili mbuzi na aibu ya ukoo, na ikifika Jumatatu jioni muda umekwisha. Apelekwe hospitali kwanza! Hayo mengine yatafuata.

Kuna vizuizi vingine ambavyo muuguzi havioni. Chupa ya Prep inafanana na ya dawa za wagonjwa, na jirani akiiona anatangaza kwamba fulani anao. Muuguzi mwenyewe pengine ni shemeji yako, unaogopa. Mjue kwamba sheria ya Ukimwi ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa, na inakataza mhudumu kutoa siri ya majibu yake, hata kama mhudumu huyo ni wa ukoo.

Kikundi kimoja kilizungumza na kamati ya zahanati bila kelele. Hawakutaja mtu kwa jina. Waliomba tu benchi iondolewe mlangoni mwa chumba, kwa maana waliokaa pale walisikia kila neno la ndani. Ikaondolewa, bila kugharimu hata senti.

Mkikutana mwezi huu, mwalikeni muuguzi wenu, mpeni chai, na mumuulize: Pep iko hapa au ni mpaka hospitali? Na usiku, au Jumapili, mlango unafunguliwa na nani?