Kutoka Lusahunga hadi Rusumo: Siku Moja na Maji ya Naili

Watoto wanaokulia Lusahunga, wilayani Biharamulo, huzijua namba za malori ya Rwanda, Burundi na Kongo kabla hawajajifunza kusoma ramani. Kutwa nzima magari yanapita, utingo wanagonga matairi kukagua upepo, mama lishe wanapakua wali wa wasafiri. Barabara ya malori hayo ikifuatwa kilomita 92 hivi inafika maporomoko ya Rusumo, mpakani na Rwanda. Mzazi mwenye Jumamosi moja na nauli ya familia hahitaji kwenda mbali zaidi kuwaonyesha wanawe historia ya sayansi.

Ondokeni alfajiri. Mtapita Nyakahura, mtaingia wilaya ya Ngara, na mkifika Benako shukeni kidogo. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 wakikimbia vita nchini mwao walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 hivi, na hapa Benako ikaota kambi kubwa kama jiji. Wazee wa Ngara wanayakumbuka hayo. Waulizeni kwa heshima.

Rusumo penyewe, mto Ruvubu unaotoka Burundi unakutana na Kagera inayoleta maji ya Nyabarongo kutoka Rwanda. Mbele kidogo, maji yote hayo, ambayo mwishowe huingia Naili, yanabanwa kati ya majabali na kuporomoka. Mwaka 1898 daktari Mjerumani, Richard Kandt, aliifuata Kagera kuelekea juu akitafuta chanzo cha Naili, akaishia msitu wa Nyungwe nchini Rwanda. Burundi nao wana chanzo chao upande wa Ruvubu, kule Rutovu, ambako piramidi ya mawe ilijengwa miaka ya 1930. Nani yuko sahihi? Inategemea unapima nini: urefu wa mto, au wingi wa maji yake. Ndiyo maana ninapapenda Rusumo. Mtoto anaona mito miwili na kuelewa kwamba kabla ya kujibu swali, mtu huamua kwanza kipimo chake.

Kupima kwenyewe kunafundishika. Mkirudi nyumbani, tafuteni kijito chenye kina kifupi (si Kagera, ina mamba na viboko). Pimeni upana na kina, tupeni bua, mhesabu sekunde linazotumia kupita mita kumi. Gawanyeni mita kumi kwa sekunde hizo mpate kasi, kisha zidisheni upana kwa kina kwa kasi. Mmepata makadirio ya wingi wa maji yanayopita kila sekunde. Hesabu ya namna hiyo haikosekani popote panapojengwa mtambo wa umeme wa maji, kama ule wa Rusumo wa megawati 80, ambao Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana sawasawa.

Kuna na habari ya meli, ingawa bandari iko mbali. Mwaka 1894 Gustav Adolf von Götzen alivuka hapa kuingia Rwanda. Baadaye akawa gavana wa Kijerumani, na ni chini yake vita vya Maji Maji vilizimwa kwa kuchoma mashamba, watu wakafa kwa njaa. Jina lake lilipewa meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha katika ziwa Tanganyika, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi nzito isiharibike. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Watoto wasikie yote mawili, ufundi wa meli na ukatili wa mtu ambaye jina lake lilipewa meli hiyo.

Maporomoko yanaonekana vizuri kutoka darajani, lakini hapo ni mpakani: bebeni vitambulisho, na kabla ya kupiga picha ombeni ruhusa kwa maofisa.

Halmashauri ya Ngara nayo naiomba isimamishe Rusumo bango la maelezo la kudumu, kwa Kiswahili, lenye ramani ya mito hiyo miwili. Na wewe mwalimu wa jiografia wa Biharamulo au Ngara, kabla muhula haujaisha, lipeleke darasa lako likaone.