Mtoto anapokataa dawa ya homa, mwachie pua yake

Tangu mvua zianze, swali moja limejirudia katika ujumbe wa wasomaji wa ukurasa huu. Mtoto anachemka, dawa ya maji imenunuliwa, lakini akiiona chupa tu anafumba mdomo na kugeuza shingo; ikimgusa ulimi anaitema yote kwenye khanga ya mama. Waulizaji wengi wana watoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu. Na karibu wote wamekwishapewa jibu na bibi, jirani au muuza dawa: mlaze chali, mbane pua, mmiminie, akitaka kupumua atameza.

Naanza na jibu hilo kwa sababu linaweza kuua.

Hewa na chakula hutumia njia moja hadi kwenye koromeo, na hapo ndipo zinapoachana. Kila tunapomeza, pumzi husimama kwa muda usiozidi sana sekunde moja, zoloto hupanda juu na kufunikwa, nyuzi za sauti hufumbana, ndipo kinywaji kinapita nyuma kuelekea kwenye umio. Shina la ubongo ndilo linalopanga zamu hizo, na mtoto aliyetulia huzifuata bila shida. Anayelia yuko katika hali nyingine kabisa. Hutoa pumzi ndefu yenye sauti, kisha huvuta hewa ghafla na kwa nguvu, na katika mvuto huo nyuzi za sauti huwa zimeachana, mlango wa mapafu uko wazi. Ukimbana pua, mdomo unabaki kuwa njia yake pekee ya hewa. Ukimlaza chali, dawa inakusanyika nyuma ya koo, mbele ya mlango ulio wazi. Akivuta pumzi, anaivuta pamoja na dawa. Akipaliwa kidogo, atakohoa na kupona. Akipaliwa sana, sirapu inafika mapafuni, na mtoto aliyeletwa na homa ya kawaida analazwa kwa nimonia, au anakosa pumzi akiwa bado mapajani mwa mama yake. Anayesema kwamba yeye alilelewa hivyo na yuko hai, awakumbuke na wale ambao hawapo tena kusimulia.

Sasa, kwa nini anakataa? Huitwa mtundu, huitwa mdekezwa, huchapwa. Ukweli ni kwamba ulimi wake unafanya kazi uliyoumbiwa. Paracetamol ni chungu, na sukari na ladha ya matunda vinavyotiwa kwenye sirapu huuficha uchungu huo kwa kiasi tu. Kuonja utamu, mwanadamu anategemea zaidi aina moja ya kipokezi. Kwa uchungu tunazo aina zipatazo 25. Sababu inafahamika: sumu nyingi za mimea ni chungu, na kiumbe aliyeanza kutembea juzi na kutia kila kitu mdomoni anahitaji mlinzi mkali mlangoni.

Ukali wa mlinzi huyo haulingani kwa watu wote. Mwaka 1931, katika maabara ya kampuni ya DuPont nchini Marekani, mkemia Arthur Fox alikuwa akimimina unga wa kemikali iitwayo PTC, vumbi likaruka hewani. Mwenzake akalalamika kwamba ni chungu mno. Fox mwenyewe hakuonja chochote. Watafiti wakaja kugundua kwamba tofauti hiyo hurithiwa, na mwaka 2003 wakaipata jeni inayohusika, TAS2R38. Kisha mwaka 2005, wanasayansi wa kituo cha Monell kilichopo Philadelphia wakachapisha jambo ambalo kila mzazi anastahili kulijua: walipowapima watoto na watu wazima wenye nakala moja ya jeni inayohisi uchungu, watoto waliuhisi hata ulipokuwa hafifu kiasi ambacho watu wazima wa jeni zilezile hawakuutambua. Kwa hiyo mama anayeonja tone la dawa na kumwambia mwanawe kwamba ni tamu huenda anasema kweli kwa ulimi wake. Ulimi wa mtoto unapata habari nyingine.

Hapa pana uzushi mmoja wa kuondoa. Wengi wetu tulichorewa shuleni ramani ya ulimi: utamu mbele, uchungu nyuma. Mchoro huo ulitokana na kusomwa vibaya kwa utafiti wa Mjerumani David Hänig wa mwaka 1901. Sehemu zote za ulimi zenye vionja ladha huhisi ladha zote, hivyo kudondoshea dawa kwenye ncha hakumkwepeshi mtoto uchungu. Penye vionja ladha vichache ni upande wa ndani wa shavu, na huko ndiko dawa inakopaswa kuelekezwa.

Baridi nayo husaidia. Ndani ya seli za kuonjea kuna mlango mdogo wa kupitishia chembe za umeme, unaoitwa TRPM5. Mwaka 2005 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, na wenzao walionesha kwamba mlango huo hulegea kufanya kazi joto linaposhuka. Wao walikuwa wakichunguza utamu, lakini njia hiyohiyo hupitisha taarifa za uchungu. Ndiyo maana funda la maji baridi au kijiko cha mtindi wa baridi kabla ya dawa, na kingine baada yake, huweza kupunguza makali.

Wasomaji wengine huificha dawa ndani ya bakuli la uji. Nawaelewa, lakini nawasihi waache. Kwanza, asipomaliza bakuli hutajua amepata kiasi gani. Pili, mwili una kumbukumbu ya chakula kilichotangulia kichefuchefu, na kumbukumbu hiyo haihitaji kurudiwa ili ikae. Katika miaka ya 1950 Mmarekani John Garcia aliwapa panya maji matamu na kuwapiga mionzi iliyowachafua tumbo. Panya wakayakataa maji matamu. Mwaka 1978 Ilene Bernstein aliona jambo hilohilo kwa watoto waliokuwa wakitibiwa saratani: waliokula aina fulani ya aiskrimu kabla ya dawa zao waliikwepa walipopewa tena. Mtoto mwenye homa anayetapikia uji wake anaweza kuuchukia uji, na ndicho chakula utakachomtegemea wiki nzima ya kumrudishia nguvu. Kama lazima uchanganye, tumia kijiko kimoja tu cha kitu ambacho si chakula chake cha kila siku. Asali isitumike kabisa kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu.

Kuna imani nyingine inayonikera kwa sababu kuna watu wanaichumia fedha: kwamba dawa ikiwa chungu ndiyo ina nguvu. Jibu lake lilitoka hapa kwetu. Mwaka 2008 Salim Abdulla wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet utafiti wa watoto 899 wa nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwemo. Baadhi walipewa dawa mseto ya malaria kwa vidonge vya kawaida vilivyosagwa, vilivyo vichungu. Wengine walipewa vidonge vya kuyeyuka vyenye ladha tamu ya cheri. Katika makundi yote mawili walipona zaidi ya watoto 97 kati ya 100. Uchungu haukuongeza chochote.

Pamoja na hayo, wauza dawa wa mitaani wanaendelea kumnadia mama mwenye hofu chupa ya mwarobaini kwa ajili ya mtoto wa miaka miwili. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto waliopata sumu baada ya kunyweshwa mafuta ya mwarobaini: walitapika, wakasinzia, wakapata degedege, maini yao yakaharibika. Anayeuza kitu hicho bila kujua kipimo chake anacheza na mtoto wa mwenzake.

Wapo pia wenye bomba la sindano kwenye begi, wanaopita majumbani kumaliza ugomvi wa dawa ya maji kwa kuchoma tako. Nchini Uganda kuna watoto walioachwa na mguu uliopooza baada ya sindano kugusa neva kubwa inayopita hapo. Homa ya kawaida haihitaji sindano. Na ajabu ni kwamba wakati sindano inapohitajika kweli, uzushi hugeuka upande wa pili: utafiti uliofanyika Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulikuta wazazi wakiamini kwamba mwenye degedege akichomwa sindano hufa, hivyo humpeleka kwanza kwa mganga akafukizwe. Degedege penye malaria inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani. Utafiti wa mwaka 2010 uliohusisha watoto zaidi ya 5,000 katika nchi tisa za Afrika ulionesha kwamba sindano ya artesuneti ilipunguza vifo vya malaria kali kwa zaidi ya asilimia 20 ikilinganishwa na kwinini. Mtoto wa degedege apelekwe hospitali, akiwa amelazwa ubavu, bila kijiko wala dawa mdomoni.

Jambo la kumtuliza mzazi ni hili: paracetamol haiponyi ugonjwa uliosababisha homa, na haijathibitika kuzuia degedege. Kazi yake ni kumpunguzia mtoto maumivu na uchovu ili anywe, ale na alale. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa matibabu ya watoto huitaja pale joto linapofika nyuzi 38.5 au zaidi. Mtoto anayecheza na kunyonya vizuri anaweza kusubiri robo saa atulie, ujaribu tena. Hakuna haraka inayohalalisha kumbana pua.

Namna ya kumpa ni fupi. Tikisa chupa, maana dawa huzama chini. Mkalishe mapajani, kichwa kikiwa kimeinuka. Tumia bomba lisilo na sindano, lielekeze ndani ya shavu, sukuma kidogo, subiri ameze, sukuma tena. Akilia, acha kwanza. Kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa sita, si zaidi ya mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10 hupata mililita 5 za sirapu yenye miligramu 120 katika mililita 5. Lakini kuna chupa zenye miligramu 250, na kwa hizo mililita 5 zilezile ni zaidi ya mara mbili ya dawa hiyo. Soma lebo. Angalia pia dawa za mafua, kwa kuwa nyingi zina paracetamol ndani. Akitapika kabla ya nusu saa, mrudishie. Baada ya hapo subiri zamu ijayo. Aspirini si ya watoto. Usimpake spiriti, usimfunike blanketi.

Kila homa ipimwe malaria ndani ya saa 24. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa, au wa umri wowote anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea asiamke vizuri au aliyepata degedege, aondoke nyumbani sasa hivi kwenda kituo cha afya. Dawa ya kushusha homa isimcheleweshe.

Na kwenu mnaouza katika famasi na maduka ya dawa muhimu: vijiko vya nyumbani havilingani, na bomba dogo la mililita 5 ni la bei ndogo. Msimwachie mama aondoke na chupa ya sirapu bila bomba hilo, na mumwoneshe pale kaunta namna ya kulitumia.